Betri Isiyo na Alama

Siku ya arubaini ya marehemu Hajati Halima nilifika Koboko mapema, na kabla sijapewa hata kikombe cha chai nikasikia jina la fundi Wani likitaniwa. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, pikipiki zao zimepangwa ukutani. Wani akaingia uani, mzee sasa, anatembea huku akiupumzisha mguu wa kushoto kila baada ya hatua chache. Nyuma yake alikuja mke wake, Mama Keji, na kapu la vitunguu vya pilau. Mmoja wa wale wanaume akasema, "Mutu moja akae karibu na pikipiki. Wani nafika." Wakacheka. Wani naye akacheka, akapeana mikono na kila mmoja, akajibu, "Apana ogopa. Betri iko mzito, mimi nazeeka." Ulikuwa utani wa watu wanaojuana, hauna hasira ndani yake, na ndiyo maana uliniuma. Hasira huisha, lakini utani wa namna hiyo watu huurithisha. Nilikaa na mkoba wangu magotini nikiona aibu ya msichana wa miaka ishirini na mitatu, na mimi sasa nina wajukuu. Mimi ndiye niliyesema mbele ya watu kwamba Wani ni mwizi wa betri. Miaka yote hii nimejua kwamba si kweli, na sikuwahi kurudi pale barabarani kulisafisha jina lake. Ukiniuliza kwa nini, nina sababu tatu au nne, na kila moja inaonekana nzuri mpaka niitamke.

Mwaka ule nilikuwa nimetumwa Koboko kutoka Arua na mradi mdogo wa chanjo ambao siku hizi haupo tena. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kueleza. Kila Jumatano nilipanda gari la abiria asubuhi na mapema kwenda Arua, nikachukua dawa na barafu, nikarudi jioni na sanduku la baridi mapajani. Alhamisi asubuhi nililifunga sanduku hilo kwenye pikipiki kwa mpira wa tyubu na kwenda Ludara, ambako akina mama walinisubiri na watoto wao kwenye baraza la kanisa. Barafu haikungoja mtu. Ikipita saa nane ya mchana dawa zile zilikuwa maji tu. Pikipiki ilikuwa ya bluu, ya zamani, imepita mikononi mwa watu wanne kabla yangu, na kila mmoja alikuwa ameiachia ugonjwa wake. Nilijifunza kuiendesha kwa wiki mbili katika uwanja wa mpira wa Ajia na nikajiona rubani. Msimamizi wangu wa Arua, mwanamume mpole aliyetabasamu kila alipokuwa na habari mbaya, aliniambia siku ananikabidhi ufunguo, "Ludara wakikukosa mara tatu, pikipiki inarudi Arua, na wewe juu yake." Nilicheka, nikidhani ni mzaha. Nilipogeuka mlangoni alikuwa bado anatabasamu, na hapo nikaelewa.

Nilipanga chumba cha nyuma katika nyumba ya Hajati Halima. Watu walimwita Hajati kwa heshima tu. Makka hakuwahi kufika, na mtu akimuuliza habari za huko alijibu kwamba joto lake ni kama la hapa. Alikuwa mjane, mshonaji, na cherehani yake ilikaa kwenye baraza la mbele tangu asubuhi hadi adhuhuri. Chumba changu kilikuwa na mlango wa kijani usiofungika vizuri, kitanda cha chuma, na dirisha dogo lililotazama ua wa nyuma, ambako pikipiki ililala chini ya ukingo wa paa. Jioni tulikula pamoja mkekani. Alipika kisra nyembamba, ile mikate laini ya maji ya unga, na mchuzi wa bamia, au siku nyingine ugali wa muhogo na majani ya kunde yaliyochanganywa na simsim. Hakukubali nimsaidie kuosha vyombo. Alisugua masufuria yake mwenyewe kwa majivu na waya, akayapanga juu ya kipande cha bati uani yakauke, na yaling'aa mpaka ukaogopa kuyatia masizi. Pembeni ya masufuria, kila mchana, zilikaa betri nne za redio yake zimelala juani kwenye bati hilohilo. Nyumba zote za mtaa ule zilifanya hivyo. Betri za redio zikichoka ziliwekwa juani, na kweli, jioni redio ilisema tena kidogo. Mimi pia nimekulia hivyo, wala sikuwaza mara mbili kuhusu jambo hilo.

Siku ya kwanza pikipiki ilipokataa, nilibonyeza kitufe cha kuwashia, kile mafundi wanachokiita selfu, nikasikia tak. Nikabonyeza tena, tak. Honi ilikohoa na ile taa ndogo ya kijani ikafifia mpaka nikaikaribia kuitazama. Nikapiga kiki hadi kisigino kikavimba. Ziko pikipiki za zamani zinazowaka kwa kiki hata betri ikiwa imekufa kabisa. Hii haikuwa mojawapo. Plagi yake ilikula umeme wa betri, na bila betri ungeweza kuipiga kiki mpaka Pasaka. Vijana wa barabarani waliisukuma mara tatu hadi kwenye kona na kuirudisha, wakatoka jasho, wakaanza kubishana wao kwa wao. Mmoja alisema ni mafuta, mwingine plagi, wa tatu akasema imerogwa na yule aliyekuwa nayo kabla yangu. Barafu ikayeyuka. Jioni ile nilikaa mkekani mbele ya sahani ya bamia nikalia kama mtoto. Hajati alinisogezea kisra, akanitazama muda mrefu, na sasa ninapokumbuka uso wake naona kwamba pale ndipo alipoamua jambo lake.

Kesho yake nilimpelekea fundi Wani pikipiki. Alikuwa amekuja kutoka ng'ambo ya mpaka, upande wa Yei, mwaka mmoja kabla yangu, akikimbia vita na mke na mtoto mmoja wa kike. Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara, mabati matatu na nguzo nne, na alikipata kwa sababu Hajati alimsemea kwa mwenye uwanja. Sikuwahi kumwona fundi wa namna yake. Hakukimbilia spana. Alichuchumaa mbele ya pikipiki, akaniuliza, "Sista, ilianza kufa pole pole ao ilikufa mara moja? Siku ile ulipita maji?" Mimi niliyekuwa nikiwauliza akina mama wa Ludara maswali hayohayo juu ya watoto wao, nikajibu kwa adabu. Akafungua ubavu wa pikipiki, akaonyesha unga mweupe kwenye vichwa vya betri, akaumwagia maji ya moto, akasugua nyaya kwa msasa, akafuata ule waya mweusi mpaka unapofungwa kwenye chuma. Kisha akaunganisha betri yake mwenyewe, akawasha, akavuta mafuta huku ameitazama taa ya mbele. Taa ikazidi kung'aa. "Mashini iko nachaji," akasema. "Shida iko kwa betri. Hii nakunywa lakini haishiki." Nilinunua kwake betri mpya. Kabla hajanipa, Mama Keji alitoka nyuma ya kibanda na chupa ya rangi yake ya kucha, nyekundu, akachora msalaba mdogo ubavuni mwa betri. Kila betri iliyotoka pale ilipata msalaba huo. "Hii haitoki na maji," akaniambia, akipuliza ikauke. "Haitoki na mafuta. Mutu akibadilisha, wewe naona." Alikuwa na fahari nayo, na mimi nilirudi nyumbani nikiimba.

Wiki mbili zilipita vizuri. Alhamisi ya tatu, tak. Sikuamini. Jumanne ilikuwa imewaka kwa mguso mmoja, nikaenda Dranya na kurudi, honi ikilia mpaka kuku wakatawanyika. Jumatano nilikuwa Arua na pikipiki ilikaa uani siku nzima bila kuguswa, au ndivyo nilivyofikiri. Sasa Alhamisi imekufa. Ludara wakanikosa mara ya pili. Wani alipoifungua alikuta asidi imeshuka chini ya mstari, vyumba viwili kati ya sita vimekauka kabisa, na hapa ndipo yeye naye alipoanza kuchanganyikiwa. Alipindua betri akitafuta ufa, hakuuona. Akasema labda umeme unakuja mwingi mno mpaka asidi inachemka na kuruka, akabadilisha kile kifaa kidogo cha kupunguza umeme. Akajaza asidi, akachaji siku nzima, akanirudishia. Wiki ile yote ikafanya kazi. Nilianza kuandika kwenye daftari kila nilipoiwasha, saa ngapi, mara ngapi, mvua au jua. Niliona jambo moja tu: iliugua siku za Alhamisi. Niliwaza kama mtu mwenye homa. Nililaumu umande wa Jumatano, nikalaumu majirani, na siku moja nilimtazama mbuzi wa jirani kwa muda mrefu nikijiuliza kama mbuzi anaweza kulamba nyaya. Hajati alinisikiliza jioni nikieleza yote haya, akitikisa kichwa. "Betri ni kama mutu," akasema. "Anataka usafi na joto." Nikaitikia ndiyo, Mama, kama tunavyowaitikia wazee kuhusu mambo ya ufundi.

Alhamisi iliyofuata ilikuwa kimya kabisa, hata tak haikusikika. Nilifungua ubavu mwenyewe, kwa bisibisi ya kuazima, na nikaona betri isiyo yangu. Karatasi yake ya jina haikuwepo. Msalaba mwekundu haukuwepo. Plastiki yake ilikuwa imechubuka na kupauka, ya kizee, yenye mikwaruzo elfu. Hapo kichwa changu kikaacha kuwaza na kuanza kuhesabu tu, na kila hesabu ikamwangukia Wani: nani aliyeishika mara ya mwisho, nani alikaa nayo siku nzima, nani mgeni mjini. Niliichomoa, nikaenda nayo barabarani mikono yote miwili, na asidi kidogo iliyobaki ikanidondokea sketi. Kibandani walikuwepo watu saba au wanane, baadhi yao madereva wa ofisi zilizomletea Wani pikipiki zao. Nikaiweka betri kwenye meza yake na kusema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, "Hii si betri niliyonunua. Yangu umeiuza, umeniwekea mzee huyu."

Kama angekasirika huenda ingekuwa nafuu. Wani aliishika, akaigeuza upande huu na ule, akaisogeza mpaka usoni, na alikuwa amechanganyikiwa kuliko mimi. "Hii iko na sura ya yangu," akasema pole pole. "Lakini alama apana." Watu wakatazamana. Akamwita mke wake. Mama Keji akaichukua, akapitisha kidole mahali penye msalaba, akapitisha tena. Akamtazama mumewe, akarudisha betri mezani, akaingia ndani ya kibanda. Dereva mmoja akasema, "Hawa watu wa ng'ambo," na hakumaliza, wala hakuhitaji kumaliza. Nakumbuka saa niliyoivaa ilionyesha saa tatu na robo. Nakumbuka kwa sababu Wani ndiye aliyeniuliza. "Sista, sasa iko saa ngapi? Barafu yako iko namna gani?" Kisha akachuchumaa kwenye pikipiki yake mwenyewe, ile aliyoitumia kutafuta riziki, akachomoa betri yake, akaifunga kwenye yangu. Akakosa kuingiza skrubu mara mbili. Mimi nilisimama nikiangalia, nikamwacha anifungie, nikapanda, nikaenda Ludara kuchanja watoto wa watu. Sikukosa mara ya tatu, kwa betri ya mtu niliyemwita mwizi dakika kumi kabla. Hata asante sikumpa, maana niliona kwamba ananilipa changu.

Kesho yake alileta betri nyingine mpya nyumbani, kwa gharama yake, yenye msalaba mpya, akaifunga bila kunitazama. Jumatano iliyofuata gari la Arua halikuondoka. Dereva alikuwa amefiwa, na dawa zikaletwa na gari la ofisi lililokuwa likipita Koboko. Kwa hiyo saa nne asubuhi nilikuwa nimerudi nyumbani, saa ambayo Jumatano nyingine zote nilikuwa mbali, na nilipozunguka uani nikamkuta Hajati ameketi kwenye kibao chake kidogo. Betri yangu ilikuwa kwenye beseni kati ya miguu yake, imelala ubavu, ndani ya maji ya majivu. Alikuwa akiisugua kwa waya wa sufuria, kwa bidii, ulimi umetokeza kidogo pembeni mwa mdomo. Bisibisi ya cherehani ilikuwa chini kando yake. Msalaba mwekundu ulikuwa umebaki nusu. Masufuria yalikuwa tayari kwenye bati, yameachiwa nafasi katikati.

"Ah, Sista, wewe narudi," akasema kwa furaha. "Mimi naosha mutoto yako. Halafu nalala kidogo kwa jua, napata nguvu. Kila Jumatano mimi nafanya. Kwanza na kitambaa tu, halafu naona uchafu haitoki, nachukua waya. Kama kunapungua ndani naongeza maji kidogo ya mtungi." Aliinuka, akailaza betri ubavu katikati ya masufuria, pembeni ya zile nne za redio, na mimi nikatazama asidi ikitoka matone matone kwenye kile kitundu cha kupumulia na kukimbia juu ya bati ikitoa povu. Kitenge chake kilikuwa kimetobokatoboka magotini. Wiki nzima alikuwa akilaani panya kwa matobo hayo. Nikafungua mdomo. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nikataka kucheka. Yeye alisimama na mikono yenye majivu akinisubiri, na alikuwa na uso wa mtu aliyefumwa akitenda wema na sasa hajui aangalie wapi. Nikasema, "Asante, Mama." Ndiyo maneno niliyopata. Nilimwomba tu anioneshe mikono, nikaiosha kwa maji mengi, nikamwambia kwamba fundi ameweka dawa ya aina nyingine ndani na sasa isiguswe tena. Alikubali. Alionekana kusikitika kidogo, akaniuliza kama dawa hiyo ni nzuri kweli.

Siku hiyohiyo nilikwenda kwa Wani. Hakukuwa na pikipiki hata moja ya ofisi kibandani, baiskeli mbili tu. Nilimweleza yote kwa sauti ya chini, nikamwambia nitawaita wale madereva, nitasema mbele yao. Alisikiliza mpaka mwisho. Akacheka kicheko kifupi, akajifuta mikono muda mrefu kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono. "Apana," akasema. "Hii kibanda nani alinisemea? Yeye. Mimi mugeni hapa. Leo watu nasema mimi mwizi, kesho wewe nasema apana, ni yule mama. Watu namcheka barabarani, na umri ile. Watoto yake nasema nini kwa mimi? Wacha, Sista. Akiwa hai, wacha." Nilibisha, lakini nilibisha kidogo. Ukweli ni kwamba nilipumua. Msimamizi wa Arua angeuliza kwa nini mali ya mradi ilikuwa inaogeshwa na mwenye nyumba. Hiyo ni mojawapo ya zile sababu zangu nzuri. Nilimwuliza tu kama mke wake anajua. Akasema, "Mimi nilimwambia siku ile ile kwamba sikuchukua. Yeye najua mimi." Alisema hivyo kwa utulivu mkubwa, na kwa kuwa nyumbani kwake walimwamini, nikaona deni langu limepungua nusu.

Nilimaliza mwaka wangu, nikapewa barua ya sifa, nikarudi Arua. Wani hakupata tena pikipiki za ofisi. Baada ya muda alihamia Dranya, akatengeneza baiskeli na bodaboda za wakulima, na mguu ukaharibika chini ya pikipiki iliyomwangukia. Hajati sijui alijua nini. Kila Ijumaa, nimeambiwa, alimpelekea Wani sahani ya kisra iliyofunikwa, kwanza barabarani, halafu Dranya kwa bodaboda, mpaka alipougua. Huenda alikuwa anampenda tu kama alivyotupenda sote kwa nguvu hizo zake. Huenda siku moja alitazama matobo ya kitenge chake na kuelewa. Nimelifikiria jambo hili nikipika, nikiwa kanisani, nikiwa safarini, na kila ninapofika mahali pa kuamua, nalipata jibu la pili likiwa sawa na la kwanza. Wakati mwingine nafikiri ni mimi peke yangu niliyejua kila kitu mwaka ule, na ndiye niliyefanya machache kuliko wote.

Basi siku ya arubaini, dua iliposomwa na pilau ikaliwa, na wageni wakaanza kusema wema wa marehemu mmoja baada ya mwingine, nikasimama. Nikasema mimi ndiye Sista wa chanjo wa zamani, na kwamba Hajati alinipenda hata akaiosha betri ya pikipiki yangu kwa majivu na kuianika juani kila Jumatano, ndiyo ikafa, ndiyo alama ikatoka. Nikasema Wani hakubadilisha betri. Nikasema nilimsingizia. Binti mkubwa wa Hajati alitabasamu na machozi yakamtoka, akasema ndiyo, ndivyo Mama alivyokuwa, hata simu yangu aliwahi kuiosha. Watu wakacheka kwa upendo. Halafu yule mwanamume wa utani akasema, "Sista, wewe iko na roho muzuri. Umemwombea Wani msamaha mbele ya matanga." Wengine wakaitikia, wakanipigia makofi. Nikasema hapana, sikumwombea msamaha, nimesema ukweli. "Ndiyo, ndiyo," wakasema, wakinionesha kiti. Mzee mmoja akampiga Wani begani, akamwambia, "Umeona? Amekusamehe." Nilibaki nimesimama. Nilikuwa nimeshasema.

Nikaenda nyuma ya nyumba, kwenye mapipa ya maji, kuosha mikono ambayo nilikuwa nimeshaiosha. Mama Keji akanifuata. Hatukuwa tumezungumza tangu mwaka ule. Alisimama karibu sana, mwanamke mwembamba mwenye nywele nyeupe chini ya kitambaa, akauliza bila salamu, "Yeye alisugua na nini?"

"Majivu," nikasema. "Na waya wa sufuria."

"Wewe mwenyewe naona na macho?"

"Niliona. Msalaba wako ulikuwa umebaki nusu."

Midomo yake ilikuwa inafanya kazi bila sauti. "Na maji haitoki," akasema hatimaye. "Na mafuta haitoki. Na majivu na waya, inatoka." Akatazama vidole vyake. "Basi hakuchukua."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamwambia, lakini yeye alikuambia siku ileile. "Aliniambia," akasema. "Kila mutu nasema vile." Hakukuwa na ukali katika sauti yake. Aliuinua upindo wa kitenge chake kiunoni, akafungua fundo dogo, gumu, lililokazwa mpaka likawa kama kokwa, na kulifungua kulimchukua muda. Ndani yake kulikuwa na ufunguo mdogo wa shaba. Akaondoka nao kiganjani, akapita kati ya wageni mpaka alipokaa mumewe, na mimi nikamfuata kwa sababu sikuweza kubaki. Wani alikuwa bado anapokea pongezi za kusamehewa. Mama Keji akamwekea ufunguo kwenye goti.

Akauchukua, akaugeuza upande huu na ule, akausogeza usoni, kwa namna ileile niliyomwona akiitazama betri. "Hii ya nini?" akauliza.

"Ya sanduku."

"Sanduku gani? Ile ya nyumbani, ya pesa?" Alimtazama, akautazama ufunguo, akamtazama tena. "Lakini wewe nasema ilipotea. Ile mwaka ya betri, wewe nasema ilipotea."

Mama Keji alivuta kiti, akaketi karibu naye mpaka mabega yakagusana. Wani akauweka ufunguo mezani, mbali kidogo na mkono wake, na hakucheka tena siku ile.